Walkman Ilipovaliwa Mara ya Kwanza

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony iliingiza katika maduka ya Japani mashine ndogo ya kupigia kaseti iliyoitwa Walkman, toleo TPS-L2. Ilikuwa ya buluu na rangi ya fedha, yenye urefu wa takriban sentimita 13, upana wa 9 na unene wa 3. Uzito wake ulikuwa gramu 390, iliendeshwa kwa betri mbili ndogo za AA, na bei yake ilikuwa yeni 33,000. Juu yake kulikuwa na matundu mawili ya kuchomekea hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho mtu asiyeelekezwa asingeweza kukisia kazi yake. Hedifoni zenyewe zilikuja pamoja na mashine: utepe mwembamba wa chuma wa kupita juu ya kichwa, na vipande viwili vya sifongo vya kukaa masikioni.

Waliopewa nafasi ya kuitathmini kabla ya kuisikiliza walianza kwa kutazama kilichopungua. Haikuwa na spika, na haikuweza kunasa sauti, ingawa kwa miaka mingi kunasa ndiko kulikokuwa sababu kubwa ya mtu kununua mashine ya kaseti. Haikuwa na redio pia. Kwa wenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Tokyo, hiki kilikuwa kinasa sauti kilichoondolewa kazi yake kisha kikapandishwa bei, na wengi waliwaambia mawakala wa Sony waziwazi kwamba hakitauzika. Hata ndani ya kampuni walikuwamo wahandisi na watu wa mauzo walioona hivyo hivyo. Sony ilipanga kutengeneza mashine 30,000 kwa kuanzia, wakati vinasa sauti vilivyouzika kuliko vyote siku hizo vilikuwa vikitoka kama 15,000 kwa mwezi. Idadi hiyo ya 30,000 ilionekana kuwa ni kujitakia hasara.

Ili kuelewa kwa nini wataalamu hawa walikosea, lazima kwanza ijulikane mashine ilivyotokea. Masaru Ibuka, aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1946 pamoja na Akio Morita, alikuwa mwenyekiti wa heshima mwishoni mwa miaka ya 1970. Alipenda muziki wa kiklasiki, na katika safari zake ndefu za ndege alikuwa akibeba TC-D5, kinasa sauti cha stereo kilichotolewa na Sony mwaka 1978. Sauti yake ilikuwa nzuri sana, lakini kilikuwa kizito na bei yake ilifika yeni 100,000 hivi. Ibuka akamwomba Norio Ohga, mmoja wa wakuu wa kampuni, amtafutie kitu chepesi zaidi cha kusikilizia tu. Ohga akalipeleka ombi kwa Kozo Ohsone, mkuu wa idara ya vinasa sauti.

Mafundi wa Ohsone hawakuanza kutoka sifuri. Walichukua Pressman, kinasa sauti kidogo cha mono kilichotengenezwa kwa ajili ya waandishi wa habari, wakang'oa spika na sehemu zote za kunasia, kisha katika nafasi iliyobaki wakaweka kichwa cha sumaku cha stereo na amplifaya ya njia mbili. Hapa ndipo penye ufundi ambao wauzaji hawakuuona. Spika hulazimika kusukuma hewa ya chumba kizima ili sauti imfikie msikilizaji, na kazi hiyo hula umeme mwingi. Mashine yenye spika nzuri huhitaji betri kubwa, sanduku kubwa na koni kubwa. Hedifoni husukuma hewa kidogo tu iliyo kati ya sifongo na ngoma ya sikio. Umeme unaohitajika ni sehemu ndogo sana ya ule wa spika. Kwa hiyo kuondolewa kwa spika ndiko kulikowezesha betri mbili ndogo kutoa sauti safi na nzito kwa saa kadhaa. Kasoro iliyoandikwa katika orodha za wauzaji ndiyo iliyokuwa siri ya mashine.

Kaseti yenyewe ilikuwa tayari imekomaa. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963, ikiwa imebuniwa na kikosi kilichoongozwa na mhandisi Lou Ottens. Ndani yake mna utepe wenye upana wa milimita 3.81, unaopita mbele ya kichwa cha sumaku kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Upana huo mdogo hugawanywa mara nne, yaani njia ya kushoto na ya kulia kwa kila upande wa kaseti. Ottens na wenzake walitaka kitu cha kurekodia maongezi na cha kutia mfukoni, lakini hadi katikati ya miaka ya 1970 ubora wa tepu ulikuwa umepanda kiasi cha kuubeba muziki vizuri. Kila mpenzi wa muziki mjini Tokyo, London au Nairobi alikuwa na rundo lake la kaseti nyumbani. Walkman ilikuta maktaba zimeshajaa, haikulazimika kumshawishi mtu anunue muziki upya.

Kipande kilichokosekana kilikuwa hedifoni. Zile zilizokuwa zikiuzwa wakati huo zilikuwa na uzito wa gramu 300 hadi 400, zimeundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kitini karibu na redio yake. Ibuka alipoanza kutumia mashine yake ya majaribio alivaa hedifoni za namna hiyo, kubwa kuliko mashine yenyewe. Kwa bahati, maabara nyingine ya Sony ilikuwa ikishughulikia hedifoni nyepesi zisizozidi gramu 50, bila kujua kinachoendelea katika idara ya Ohsone. Kazi hizo mbili zilipokutanishwa, chombo kikakamilika. Si vibaya kusema kwamba nusu ya Walkman ni hedifoni zake: mtu anaweza kutembea na gramu 390 kiunoni siku nzima, lakini hawezi kutembea na gramu 400 kichwani.

Morita, aliyekuwa mwenyekiti, aliichukua mashine ya majaribio akaenda nayo nyumbani, na jinsi alivyoielewa inapatikana katika kumbukumbu zake, Made in Japan, zilizochapishwa mwaka 1986. Jambo la kwanza aliloliona halikuhusu ubora wa sauti. Aliona kwamba mkewe amekasirika. Mume amekaa naye chumba kimoja, anatabasamu peke yake, na haiwezekani kusema naye. Morita akaamua kwamba mashine iwe na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja.

Jaribio la pili lilifuata akiwa safarini kwenda kucheza gofu na mwandishi wa riwaya Kaoru Shoji. Ndani ya gari alimpa Shoji hedifoni, akavaa za kwake, akaanzisha kaseti. Iliyokuwamo ilikuwa konseto ya piano ya Grieg iliyopigwa na Hiroko Nakamura, mpiga piano mashuhuri, ambaye ndiye mke wa Shoji. Uso wa mwandishi ulichanua. Alitaka kusema neno, asiweze, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefunikwa masikio. Kutokana na tukio hilo Morita aliagiza kiongezwe kile kitufe cha rangi ya chungwa. Mtu akikibonyeza, muziki hushuka, na kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya mashine huleta sauti ya jirani hadi masikioni mwa wote wawili. Matundu mawili ya mashine za mwanzo yaliandikwa kwa Kiingereza, moja la wavulana na jingine la wasichana, kwa maana Sony iliwafikiria vijana wawili wapendanao wakitembea huku wameunganishwa na mashine moja.

Inafaa kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu linaonyesha jinsi hata waundaji wenyewe walivyouelewa kwa sehemu tu mwitikio wa kwanza. Morita aliona haya kwa niaba ya mtumiaji. Alidhani kusikiliza peke yako mbele za watu ni utovu wa adabu, na kwamba wanunuzi wataona hivyo pia. Wanunuzi hawakuona hivyo. Baada ya muda mfupi ilidhihirika kwamba kila mmoja anaitaka mashine yake mwenyewe, na kwamba marafiki wawili waliokuwa na Walkman moja walikuwa wakienda kununua ya pili. Kitufe cha rangi ya chungwa na tundu la pili viliondolewa hatimaye katika matoleo ya baadaye, wala hapakuwa na malalamiko makubwa. Kifaa kilichopangwa kuwa cha wawili kikawa cha mmoja, na waliofanya uamuzi huo ni wasikilizaji.

Mwezi Februari 1979 Morita aliwaita wahandisi, wapangaji na watu wa mauzo akawaeleza anachotaka: mashine ya vijana wanaopenda muziki kutwa nzima, iwe madukani kabla ya likizo ya kiangazi, na bei yake isizidi yeni 40,000. Muda uliobaki ulikuwa kama miezi minne. Ndiyo maana mitambo ya ndani ya Pressman ilitumiwa karibu kama ilivyokuwa. Ilikwisha kujaribiwa na kuaminika. Bei ya yeni 33,000 ilichaguliwa kwa sababu kampuni ilikuwa ikitimiza miaka 33. Jina lilitokana na lile la Pressman likachanganywa na mvuto wa Superman, shujaa ambaye filamu yake ilikuwa ikivuma wakati huo. Katika nembo ya kwanza herufi A zilichorwa zikiwa na miguu, kama zinazotembea.

Ilipofika zamu ya waandishi wa habari, Sony haikuwaweka ukumbini. Tarehe 22 Juni 1979 waliitwa, wakapandishwa basi na kupelekwa bustani ya Yoyogi, katikati ya Tokyo. Kila mmoja alipewa Walkman. Alipobonyeza kitufe cha kuanzisha, maelezo ya bidhaa yalianza kusikika masikioni mwake, yakiwa yamerekodiwa kwenye kaseti pamoja na muziki, na mbele yake vijana walipita wakiwa wamevaa mashine hizo hizo, wengine wakiendesha baiskeli ya watu wawili. Lilikuwa wazo zuri la kuitangaza mashine ya namna hii, maana hakuna mtu wa pembeni anayeweza kujua Walkman inafanya nini kwa kuitazama tu. Anayemwangalia aliyevaa huona mtu amenyamaza. Hata hivyo magazeti hayakuchangamka. Waandishi wengi walirudi ofisini na maoni yale yale ya wauzaji, kwamba ni kinasa sauti kisichonasa.

Mwezi Julai ukaisha, mashine zilizouzwa zikawa kama 3,000. Hapo ndipo vijana wa Sony walipoingia mitaani. Waliwafuata watu Shinjuku na Ginza, hasa siku ambazo barabara hufungwa kwa magari, wakawavisha wapita njia hedifoni na kusimama kando wakisubiri. Wengine walipanda treni za mzunguko za Yamanote na kuzunguka nazo wakiwa wamevaa Walkman, ili abiria waone. Hawakuwa na hotuba yoyote. Anayevaa alikaa kimya kwa sekunde chache, halafu macho yakapanuka. Mwisho wa Agosti zile 30,000 zote zilikuwa zimekwisha, na maduka yaliyokuwa yakisita yakawa yanapiga simu kuomba mzigo.

Ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitokea katika sekunde hizo? Kwa mtu wa leo, aliyezaliwa na kukuta hedifoni katika kila basi, si rahisi kukielewa. Watu wa mwaka 1979 walikuwa wameshazoea muziki wa kubebeka. Redio ndogo za transista zilikuwapo tangu Regency TR-1 ya Marekani ya mwaka 1954, na Sony yenyewe ilitoa TR-55 mwaka uliofuata. Redio hizo zilikuwa na kisikizi cha sikio moja, sauti yake nyembamba na ya mono, ya kufaa taarifa ya habari au mpira. Stereo nzuri walikuwa wameisikia pia, lakini sebuleni, wameketi mahali pamoja. Hawakuwahi kuvipata vyote viwili kwa pamoja.

Kuna tofauti pia ya namna sauti inavyofika. Mbele ya spika mbili, kila sikio husikia spika zote mbili, pamoja na mwangwi wa kuta, dari na samani. Muziki unakuwa upande ule, mbali kidogo na msikilizaji. Kwa hedifoni sikio la kushoto hupata njia ya kushoto peke yake, na la kulia ya kulia. Ubongo, usipoona dalili ya umbali, huiweka sauti ndani ya kichwa chenyewe. Mwimbaji huwa kama amesimama katikati ya masikio, gitaa likiwa kwenye kipaji upande mmoja na ngoma zikizunguka nyuma ya kisogo. Aliyevishwa kwa ghafla barabarani Ginza alihisi bendi nzima imeingia ndani yake, wakati huo huo akiona magari, watu na taa za maduka mbele yake. Na kwa kuwa sifongo za hedifoni hazikuziba sikio kabisa, kelele za mji nazo zilipenya kidogo, zikachanganyika na muziki. Mtaa ulioonekana kila siku ukaanza kwenda kwa mapigo ya wimbo. Hisia hii ndiyo iliyouza mashine, na hakuna kijitabu cha maelezo kilichoweza kuieleza.

Sauti yenyewe haikuwa bila dosari. Mvumo wa tepu ulisikika katika sehemu tulivu, kwa kuwa TPS-L2 haikuwa na mfumo wa Dolby wa kuupunguza. Betri zilipochoka mota ilipunguza kasi na waimbaji wakaanza kuburura maneno. Mtu akikimbia, mwendo wa utepe uliweza kuyumba na sauti ikayumba nao. Kifuniko hakikuzuia vumbi wala unyevu. Mpenzi wa vifaa vya sauti aliyeilinganisha na mtambo wa nyumbani alikuwa na haki ya kusema kwamba imepitwa. Lakini mtambo wa nyumbani haukuweza kutoka nyumbani, na huo ndio ulinganisho pekee uliomhusu mtu aliyekuwa akisubiri treni.

Nje ya Japani mashine ilikwenda kwa majina tofauti, kwa kuwa watu wa mauzo waliona Walkman si Kiingereza sanifu. Marekani iliuzwa kuanzia mwaka 1980 kwa jina la Soundabout na bei ya karibu dola 200. Uingereza iliitwa Stowaway, na Sweden Freestyle. Majina haya hayakudumu. Wageni waliopita Japani walirudi kwao wakiitaja kama walivyoisikia ikitajwa Tokyo, na Sony ikaamua jina liwe moja duniani kote. Mwaka 1986 neno hilo liliingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford.

Sifa hazikuwa za watu wote. Wasioivaa nao walikuwa na maoni yao ya kwanza, na mara nyingi yalikuwa ya hofu au kuudhika. Walimwona kijana ndani ya treni amefumba macho, anatikisa kichwa, hasikii akiitwa, huku mluzi mwembamba wa sauti ukivuja kutoka masikioni mwake na kuwakera waliokaa karibu. Mji wa Woodbridge katika jimbo la New Jersey ulipitisha sheria mwaka 1982 ya kukataza kuvuka barabara huku mtu amevaa hedifoni. Wasomi nao walilichukua jambo hili kwa uzito. Shuhei Hosokawa wa Japani aliandika mwaka 1984 makala iliyosomwa sana kuhusu athari za Walkman mjini. Aliona kwamba anayetembea na muziki anaufanya mtaa kuwa jukwaa lake, na wapita njia wanatambua kwamba ana siri wasiyoweza kuifikia. Mwaka 1997 Paul du Gay na wenzake wa Uingereza walitoa kitabu kizima cha kufundishia masomo ya utamaduni kwa kutumia mashine hii moja kama mfano.

Hofu ya afya ya masikio ilikuwa na msingi imara kuliko malalamiko mengine. Kelele za barabarani humfanya msikilizaji apandishe sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na mazoea ya kusikiliza kwa sauti kubwa, na kipimo linachokitaja kuwa salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Tatizo hilo lilikuja pamoja na mashine ya kwanza, na halijaondoka.

Haki inadai kutajwa kwa mtu mwingine aliyepata hisia ile mapema zaidi. Andreas Pavel, Mjerumani aliyekulia Brazili, alitengeneza mkanda wa kiunoni wenye kinasa kaseti na hedifoni, na kuujaribu mwaka 1972 akiwa St. Moritz, katika milima ya Uswisi, theluji ikianguka. Aliuita stereobelt. Alipeleka wazo lake kwa kampuni kadhaa za Ulaya, zikamjibu kwamba hakuna mtu atakayekubali kutembea hadharani na vitu masikioni. Mwaka 1977 aliomba hataza nchini Italia, na Walkman ilipotoka alianza madai dhidi ya Sony yaliyochukua zaidi ya miaka 20. Yalimalizika kwa makubaliano nje ya mahakama mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni zilizomkatalia zilitoa hoja ile ile ya wenye maduka wa Tokyo, nazo hazikuwa zimevaa hedifoni zake.

Afrika Mashariki ilikutana na Walkman katika miaka ya 1980, zaidi kwa njia ya mabaharia, wanafunzi waliorudi kutoka ng'ambo na jamaa waliokuwa Oman na nchi za Ghuba. Ilikuta mahali ambapo kaseti ilikuwa imeshika hatamu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Bendi zake zilitegemea Nairobi, na mpaka wa nchi hizo mbili ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Muziki wa dansi na taarab ulisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na ulisikilizwa hadharani: redio kaseti ikiwa juu ya meza ya kinyozi, ndani ya basi, barazani. Katika mazingira hayo anayesikiliza peke yake alikuwa kitu kigeni kuliko mashine yenyewe. Mara nyingi mwenye Walkman hakuachiwa aifaidi. Hedifoni zilizunguka, kila mmoja akipewa nusu ya wimbo, na mwenye subira kidogo alishika upande mmoja tu wa hedifoni akautega sikioni huku mwenzake akitega ule mwingine. Betri ndogo zilikuwa ghali, kwa hiyo kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic, ambayo unene wake hukaa sawasawa katika meno ya tundu la kaseti.

Mwitikio baridi kama ule wa wenye maduka wa Tokyo ulirudiwa Marekani miaka 22 baada ya Walkman kutoka. Tarehe 23 Oktoba 2001 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alionyesha iPod, mashine ya gramu 185 yenye diski ngumu ya gigabaiti 5, iliyotosha nyimbo 1,000, kwa bei ya dola 399. Wataalamu walisoma tena orodha. Nomad Jukebox ya kampuni ya Creative ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla, ikiwa na gigabaiti 6. iPod ilifanya kazi na kompyuta za Macintosh peke yake, na bei yake ilikuwa juu. Yote hayo ni kweli. Kilichokosekana katika orodha ni kwamba Nomad ilikuwa na ukubwa wa mashine ya kupigia CD, na kuijaza nyimbo kupitia USB ya wakati ule kulichukua saa nyingi, wakati iPod ilitoshea mfuko wa shati na kupokea CD nzima kwa sekunde kama 10 kupitia waya wa FireWire. Gurudumu lake la mbele lilimwezesha mtu kuufikia wimbo mmoja kati ya elfu kwa kidole gumba. Aliyeishika alilijua hilo katika dakika ya kwanza. Aliyesoma maelezo yake bila kuishika alikuwa na sababu nzuri za kuikataa.

Kwa hiyo hukumu ya haki juu ya mashine ya muziki wa kubeba haiwezi kutolewa mezani. Inahitaji wimbo ambao msikilizaji anaujua vizuri, mahali penye kelele za kawaida, na mwendo wa miguu. Uzito hupimwa baada ya kutembea, sauti hupimwa kando ya barabara, na vitufe hupimwa bila kuvitazama, mkono ukiwa mfukoni. TPS-L2 ilishinda katika majaribio hayo yote isipokuwa la kukimbia. Toleo lililoifuata, WM-2 la mwaka 1981, lilikuwa dogo na jepesi zaidi, na mwaka 1983 WM-20 ikafikishwa karibu na ukubwa wa kasha la kaseti yenyewe. Sony iliendelea kuuza Walkman za kaseti nchini Japani hadi mwaka 2010. Wakati huo zilizokwisha kuuzwa duniani zilikuwa zaidi ya milioni 200, na hakuna hata moja katika familia hiyo iliyopata mapokezi baridi kama ile ya kwanza.